Mng'aro na Maneno Yake

Kila lugha ina maneno ya kusifu na maneno ya kulaumu, na mwandishi mwema hujulikana kwa uangalifu wake katika kuyatenga. Uangalifu huo hupata mtihani mkubwa mbele ya kitu king'aacho. Mng'aro ukiwa katika kiasi chake husifiwa. Ukipita kiasi hulaumiwa. Na mpaka uliopo kati ya sifa na lawama ni mwembamba kama uzi wa buibui. Mwandishi asiyeuona mpaka huu huandika kwamba kila kitu kinang'aa: jua linang'aa, kiatu kinang'aa, uso wa mama unang'aa, na shati la rangi kumi la kijana apitaye njiani nalo linang'aa. Msomaji wake hubaki njia panda, asijue kama ashangilie au afumbe macho.

Kosa hilo si la lugha. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno katika jambo hili. Kina ghala iliyojaa, ila wengi wetu tumezoea kuchota mlangoni. Nakuomba basi, msomaji, tuingie ndani pamoja. Maneno tutakayoyakuta nitayagawa katika mafungu matatu: maneno ya nuru, maneno ya pambo, na maneno ya mwenendo. Tukifika fungu la tatu utaona kwamba maneno yake si maelezo matupu, bali ni hukumu; na hukumu, kama ujuavyo, yaweza kutolewa kwa haki au kwa dhuluma.

Tuanze na nuru. Kung'aa, ambako wengine hutamka kung'ara, ni neno pana kuliko yote. Hung'aa mwezi, hung'aa sahani iliyooshwa, hung'aa mbingu baada ya mvua. Neno hili halina sifa wala lawama ndani yake. Ni kama maji, hufuata umbo la chombo. Kumetameta ni jambo jingine. Kitu kimetametacho hakitoi nuru kwa mfululizo. Huitoa na kuirudisha, huitoa na kuirudisha, kama magamba ya samaki anapogeuzwa juani, au kama mdudu kimetameta gizani. Lugha imelirudia neno kama nuru yenyewe inavyojirudia. Kumeremeta ni ndugu ya kumetameta, lakini ni ndugu mwenye heshima zaidi. Nyota humeremeta, na vito, na bibi arusi siku yake. Kuzagaa ni nuru kuenea kote mahali pamoja, hata pembe za nyumba zikapata fungu lao.

Juu ya hayo yote liko neno kunawiri, nalo halipatikani kwa bei rahisi. Kunawiri ni mng'aro utokao ndani. Uso wa mtu mwenye afya hunawiri, na shamba la mahindi lililopata mvua kwa wakati hunawiri. Kiatu kilichopakwa rangi kikasuguliwa hung'aa, lakini hakinawiri. Mwandishi ajuaye tofauti hii moja tu amekwisha kupata nusu ya elimu ninayotaka kuieleza, maana ameelewa kwamba kuna nuru ya kitu chenyewe na kuna nuru iliyopakwa juu ya kitu.

Nuru ikizidi, Kiswahili hufanya jambo la hekima: huacha kusema juu ya kitu, kikasema juu ya jicho. Twasema macho yameingia kiwi, au nuru imetutia kiwi. Mtu aliyemulikwa usoni na taa za gari usiku hapati kuona zaidi kwa sababu ya wingi wa nuru; huona haba kuliko alivyokuwa akiona gizani. Basi hapa tumepata kipimo chetu cha kwanza. Nuru iliyo katika kiasi hukionyesha kitu. Nuru iliyozidi hukificha. Hatuna haja ya kuuliza nuru ni nyingi kadiri gani. Twauliza kama baada ya kuitazama tumeona au tumepofuka.

Tukitoka katika nuru tukaingia katika rangi, twakuta ajabu nyingine: Kiswahili huipima rangi kwa ulimi. Rangi iliyofikia utimilifu wake husemwa imekolea, na neno hilo ndilo tulisemalo juu ya chumvi katika mchuzi. Rangi iliyopungua husemwa imepauka au imechujuka. Rangi iliyopita hapo huitwa kali, kama pilipili, kama siki, kama jua la saa saba, kama kisu kilichotoka kunolewa. Wala ukali peke yake si ubaya. Hakuna mpishi aitupaye pilipili kwa kuwa ni kali. Hulaumiwa yule aliyeitia katika uji wa mtoto. Rangi nayo ndivyo ilivyo. Kanga ya kisutu, yenye wekundu na weusi na weupe uliokolea, haimchomi mtu macho katika arusi, kwa sababu arusi ndiyo mahali pake. Mwenye kuivaa matangani angesemwa kabla hajaketi. Nguo ni ile ile na rangi ni ile ile. Kilichogeuka ni mahali. Hiki ni kipimo chetu cha pili.

Ulimi huo huo hutumika kupimia maneno. Mtu aongezaye mambo katika habari husemwa ametia chumvi. Azidishaye zaidi husemwa amepiga chuku. Chuku ni pembe ya kuumikia, ambayo hubandikwa mwilini mwa mgonjwa ili kuvuta damu, na nyama ya mahali pale hufura. Habari iliyopigwa chuku ni kama nyama hiyo: imefura, haikunenepa. Kwa hiyo ewe ujifunzaye kuandika insha, usidhani kwamba nazungumza juu ya nguo na taa peke yake. Insha iliyojaa maneno kama mno, ajabu, isiyo kifani na haijapata kuonekana ni shati la rangi kumi. Mwalimu akiisoma, macho yake huingia kiwi, na jambo ulilotaka alione hulikosa.

Fungu la pili ni maneno ya pambo. Kiswahili ni lugha ya watu waliopenda pambo wala hawakuona haya kwa kulipenda. Mti hutiwa nakshi, kofia hudariziwa, nyumba hupambwa, na mtu mwenyewe hujikwatua. Ukienda katika mji wa kale wa Lamu, ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, utaona milango ambayo miimo yake na vizingiti vyake vimechongwa maua na minyororo na mawimbi tangu juu hata chini. Ni kazi nyingi, lakini hakuna aitazamaye akasema imefurutu ada. Sababu yake ni kwamba nakshi imelifuata umbo la mlango. Haikulizuia kufunguka wala kufungwa. Tazama pia kofia nyeupe iliyodariziwa kwa uzi mweupe. Aliye mbali huona kofia tu. Aliye karibu huona kazi ya miezi. Pambo la namna hii halimwiti mtu kwa sauti, humngojea afike.

Mtu aliyejipamba ana majina yake kwa daraja. Maridadi ni yule aliyejipanga vizuri, nguo na mwili wake vikapatana. Mtanashati ni karibu yake, ila kwake unadhifu hutangulia. Mlimbwende amesogea hatua moja mbele: hupenda kupendeza, na kioo ni rafiki yake wa siku zote. Maneno haya matatu bado yako upande wa sifa, ingawa la tatu limekanyaga ukingo. Mtu akiitwa mlimbwende aweza kucheka au kununa, kwa kadiri ya sauti ya aliyemwita.

Ng'ambo ya ukingo huo ndipo lilipo fungu la tatu. Madaha yana miguu pande zote mbili. Mwendo wa madaha waweza kuwa sifa ya upole, na waweza kuwa dhihaka. Maringo ni madaha yaliyojipenda. Mikogo ni maringo yaliyotafuta mashahidi, maana hakuna mtu apigaye mikogo chumbani peke yake. Mashauo ni kujionyesha kwa kusudi la kusifiwa. Mbwembwe ni manjonjo yaongezwayo katika kutenda, kama mpiga ngoma arushaye fimbo juu mara tatu kabla ya kupiga pigo moja.

Sasa yatazame maneno hayo kwa makini, msomaji, na utaona kwamba hakuna hata moja lililoumbwa kwa ajili ya kitu. Kitambaa hakina mikogo. Taa haijui kujishaua. Mkufu haujapata kuringa tangu ulipofuliwa. Tukisema nguo ni ya mashauo, tumemsema aliyeivaa. Na tukisema nyumba ina mbwembwe, tumemsema aliyeijenga. Lugha yetu imekataa kukilaumu kitu kwa kosa la mtu. Kwa ajili hiyo mwandishi atumiaye maneno haya hana budi kujua kwamba ameacha kueleza, amepanda katika kiti cha kadhi. Ametoa hukumu juu ya nia ya mwenzake, na nia ni jambo lisiloonekana.

Methali zetu zimekaa katika kiti hicho siku nyingi. Husemwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Husemwa pia: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Na tena: uzuri wa kuyu, ndani mabuu. Zote tatu zina shauri moja, kwamba mng'aro wa nje si hati ya umilikaji wa uzuri wa ndani. Shauri hili ni la kweli na la kufaa. Walakini mwanafunzi wa fasihi hana ruhusa ya kuipokea methali kama mtoto apokeavyo dawa, kwa kufumba macho. Je, ni kweli daima kwamba kizuri chajiuza? Kinu kilichochongwa vizuri na fundi maskini akaaye mwisho wa kichochoro hakijiuzi. Huoza pale pale kama mwenyewe hakukibeba mpaka sokoni na kukisifu. Tena kuyu likiwa na mabuu, wekundu wake si kosa. Matunda mengi mema nayo ni mekundu. Methali hutufundisha kushuku mng'aro. Haikutupa idhini ya kuuhukumu kabla ya kuupasua na kuutazama ndani.

Ukitaka kuona mshairi aliyeujua mpaka huu, usitafute mbali. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi juu ya magofu ya Pate, mji wa kisiwani katika funguvisiwa la Lamu, ambao ulikuwa umetajirika kwa biashara ya bahari kisha ukaanguka. Utenzi huo ulichapwa London mwaka 1939 pamoja na tafsiri ya Hichens, na mpaka leo huhesabiwa miongoni mwa kazi kuu za Kiswahili. Mshairi anauonya moyo wake usidanganywe na dunia, na ushahidi wake ni majumba ya matajiri: taa za bilauri na za shaba, vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kauri, vitanda vilivyopambwa na mito yake. Kisha anatuonyesha majumba yale yale yakiwa yamebaki makao ya popo, buibui na ndege wa mwituni.

Jambo la kuangaliwa na mhakiki ni maneno aliyoyachagua. Shabaha yake ni kuulaumu mng'aro uliowapumbaza watu, na mtunzi mdogo angezimimina juu ya taa zile lawama zote alizonazo: mashauo, majivuno, upuuzi. Yeye hakufanya hivyo. Alipozieleza nyumba zile zikiwa hai alizipa maneno mazuri ya nuru, hata neno la kunawiri hakuwanyima. Aliziacha ziwake mbele ya macho yetu mpaka tukazipenda, kisha akazima. Lawama haikusemwa, ilionekana. Kama angeanza kwa kuzitukana taa, tusingehuzunika zilipozimika, na mafundisho yake yangepotea. Hili ni somo kubwa kwa kila mwandishi: ukitaka kulaumu mng'aro, kwanza uupe haki yake ya kung'aa. Neno la tusi ni jepesi mkononi, lakini halifiki mbali.

Yako mambo mengine ambayo mng'aro wa majumba ya pwani watukumbusha. Nyumba kubwa hazikujifagia zenyewe, na taa hazikujitia mafuta. Katika pwani yetu na Unguja palikuwa na watu waliofanya kazi hizo bila ujira wala hiari. Katika karne ya 19 nguo ilikuwa cheo. Mtumwa alivaa merikani, nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyopata jina lake kwa kuwa ililetwa kutoka Marekani, au alivaa kaniki, nguo iliyozamishwa katika nili mpaka ikakaribia weusi. Kilemba, viatu na kanzu nzuri vilikuwa alama za uungwana, na mtumwa hakutazamiwa kujifunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Kwa maneno mengine, rangi na pambo vilikuwa mali ya wachache kama mashamba yalivyokuwa.

Utumwa ulikomeshwa kwa sheria huko Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika miaka hiyo kanga ilikuwa imekwisha kuenea madukani. Wanawake wa pwani walikuwa wametangulia kushona pamoja vitambaa vya leso, neno tulilolipokea kutoka kwa Wareno, wakapata nguo moja pana yenye rangi nyingi. Baadaye nguo hiyo ikaja ikiwa imepigwa chapa tayari, yenye pindo lake, mji wake wa katikati, na baadaye jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Mpaka leo watu wa Mombasa huiita leso. Wanawake waliotoka utumwani waliivua kaniki, wakajifunga kanga.

Hapa, msomaji, simama kidogo. Mfikiri mwanamke yule siku ya kwanza alipotoka mlangoni akiwa amejifunga kanga yenye wekundu uliokolea na madoa meupe. Neno gani lingemfaa? Mtu aliyezoea kumwona katika kaniki kwa miaka 20 angeweza kusema anajishaua. Neno hilo lingekuwa sahihi kwa sarufi na baya kwa haki. Rangi ile ilikuwa kali, lakini ilikuwa kali kwa jicho la nani? Kwa jicho lililozoea kumwona gizani, mwanga wowote juu yake ni mwingi mno. Mwenyewe alikuwa haombi sifa. Alikuwa akitangaza kwamba yeye ni mtu, na kwa kuwa hakuwa na hati wala shamba wala nasaba ya kutajwa, alitangaza kwa kitu alichoweza kukinunua.

Katika siku zile zile tajiri alivaa joho lililotiwa uzi wa dhahabu, na neno la joho lake lilikuwa fahari. Fahari ni neno zuri, na lugha yetu humpa jina hilo hata dume la ng'ombe, kwa kuwa ana nguvu ionekanayo. Lakini pima mambo haya mawili kwa mizani moja. Uzi wa dhahabu huingiza macho kiwi kuliko chapa ya kanga. Kama mng'aro ungepimwa kwa wingi wa nuru peke yake, joho lingeitwa mashauo, na kanga ingeitwa umaridadi. Majina yakibadilishwa, ujue kwamba hayakutolewa na macho; yametolewa na cheo. Hiki ni kipimo chetu cha tatu, na ndicho kigumu kuliko viwili vilivyotangulia: kabla hujaliamini neno la lawama, uliza limetoka kinywani mwa nani, na alaumiwaye ni nani.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba maskini hawezi kupiga mikogo, wala kwamba kila amlaumuye mwenye kujipamba ni dhalimu. Mng'aro uliozidi upo, na lawama yake ipo. Nisemalo ni kwamba lawama hii huteremka kwa urahisi na hupanda kwa shida, kama maji. Mwandishi mwadilifu huijua tabia hiyo ya maji, akajitahidi kuyazuia yasimfurike aliye bondeni.

Wala jambo hili halikuzikwa pamoja na karne ile. Tazama matatu za Nairobi. Serikali iliziruhusu rasmi kubeba abiria mwaka 1973, na tangu hapo zimekuwa zikivaa na kuvuliwa. Sheria za usalama zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 zilizitaka ziwe na mstari wa manjano ubavuni, na picha nyingi zikafutwa. Baadaye picha zikarudi, zikiwa na nyuso za wachezaji, waimbaji na mashujaa, pamoja na taa za rangi na muziki wa kutikisa vioo. Vijana wa mjini huliita gari la namna hiyo nganya, kwa sifa. Wazee wengi huliita mbwembwe tupu. Wote wawili wanatazama gari moja.

Mhakiki hafanyi kazi ya kuchagua upande na kupiga kelele pamoja nao. Kazi yake ni kutumia vipimo. Je, mng'aro huu waonyesha au wapofusha? Picha iliyochorwa ubavuni haimtii mtu kiwi. Ni kazi ya mkono wa kijana aliyejifunza kuchora, na huenda ndiyo maonyesho ya sanaa ambayo watu wengi wa mjini huyaona kila siku bila kulipa kiingilio. Lakini taa kali zimulikazo usoni mwa dereva ajaye mbele usiku zapofusha kweli kweli, na hapo lawama ni haki. Je, mahali ni pake? Muziki unaofaa tamasha huenda usimfae mgonjwa apelekwaye hospitali katika gari hilo hilo. Je, anenaye ni nani? Yuko asemaye kwamba picha ni ushenzi, na sababu yake ya kweli ni kwamba zimechorwa na vijana wa mitaa asiyoipenda. Na iko hila ya upande wa pili: mwenye gari aliyetia rangi mpya na asitie breki mpya. Huyo ndiye mkakasi, na abiria ndio watakaoyaona maji. Unaona sasa kwamba gari moja limepata hukumu nne, na neno mbwembwe, likitupwa juu yake lote, lingekuwa uvivu.

Nimalizie kwa kukupa kazi ndogo ya mkono. Chukua sentensi hii: Bwana Arusi alivaa suti iliyong'aa sana. Haina kosa la sarufi, na haina uhai. Neno sana limeongezwa kama chumvi ya mpishi aliyesahau kuonja. Kama wataka tumpende, sema kwamba rangi ya suti ilikuwa imekolea, ikaufanya uso wake unawiri. Kama wataka tutabasamu, sema kwamba suti ilimetameta kila alipogeuka, hata wazee wa safu ya mbele wakainamisha macho. Kama wataka tumlaumu, usiandike kwamba anajishaua. Tuonyeshe jinsi alivyosimama mlangoni akingoja kila mtu ageuke kabla hajaingia, nasi wasomaji tutalitamka neno lile wenyewe. Neno la hukumu lisemwalo na msomaji lina nguvu mara nyingi kuliko lisemwalo na mwandishi.

Na itakapokulazimu kulitamka wewe, kwa kuwa kuna siku hunyamazi bila kuwa mwoga, litamke baada ya kupima. Wahenga walituachia agizo: ukimulika nyoka, anzia miguuni pako. Neno lako nalo ni taa. Laweza kumwonyesha mtu njia, laweza kumtia kiwi, na laweza kumwanika hadharani mtu ambaye kosa lake lilikuwa ni kutoka gizani tu. Taa hiyo imo mkononi mwako tangu siku ulipojua kusoma na kuandika, iangalie inakoelekea.